Uvundo zizini: Jinsi ya kudhibiti kinyesi cha nguruwe na kusafisha hewa

WAFUGAJI wa nguruwe katika maeneo ya Kikuyu, Limuru na Ruiru wanajikuta katika hali ambayo wazazi wao hawakuijua. Mashamba yamegawanywa yakawa vipande vya robo ekari na hata chini ya hapo, nyumba za kupangisha zimeota mahali palipokuwa na mikahawa, na zizi lililojengwa mbali na watu sasa limepakana na dirisha la jirani. Mfugaji aliyehimili bei ya lishe na tishio la homa ya nguruwe anaweza hatimaye kufungishwa virago na harufu.

Harufu hiyo haimkeri jirani peke yake. Anayeivuta usiku na mchana ni nguruwe mwenyewe, akifuatwa na yule anayemlisha na kumsafishia. Jirani hulalamika kwa chifu; nguruwe hulalamika kwa kukohoa, kutoa machozi na kukawia kufikia uzani wa kuuzwa. Malalamiko ya pili ndiyo yanayopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo yanayomgharimu mfugaji kila siku.

Kiasi cha uchafu unaozungumziwa si haba. Nguruwe mwenye uzani wa kilo 60 hutoa takriban kilo tano za kinyesi na mkojo kwa siku. Mwenye nguruwe kumi wa aina hiyo ana kilo 50 za kuondoa kila siku, yaani zaidi ya tani 18 kwa mwaka. Asipopanga zitakakopelekwa, zitajipangia zenyewe.

Harufu hutoka wapi?

Kinyesi kibichi cha nguruwe hakina uvundo mkali kama wengi wanavyodhani. Ukali huja baadaye, na huja kwa njia mbili zinazopaswa kutofautishwa kwa sababu tiba zake si moja.

Njia ya kwanza ni ya mkojo. Nguruwe hutumia takriban theluthi moja tu ya naitrojeni iliyo katika chakula chake kujenga mwili. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka katika mkojo kwa jina la yurea. Yurea yenyewe haina harufu. Hata hivyo, kinyesi kina bakteria wenye kimeng'enya kinachoivunja na kuigeuza kuwa amonia, gesi ile inayochoma macho na pua. Kazi hiyo huanza mara mkojo unapokutana na kinyesi sakafuni, na huchukua saa chache tu. Joto huiharakisha, na eneo kubwa la sakafu iliyolowa huipa amonia nafasi ya kupaa.

Njia ya pili ni ya kuoza bila hewa. Kinyesi kinaporundikwa shimoni au kulala katika mfereji ulioziba, bakteria wasiohitaji oksijeni hushika usukani. Hao huzalisha haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza, methani isiyo na harufu lakini inayoweza kulipuka, kaboni dioksaidi, pamoja na asidi na kemikali nyingine nyingi. Watafiti wamekwisha kutambua zaidi ya kemikali 150 katika harufu ya mazizi ya nguruwe. Baadhi yake pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa kidogo mno.

Kuna na vumbi, ambalo wengi hulisahau. Chembechembe za lishe, ngozi na kinyesi kilichokauka hubeba harufu mgongoni na kuisafirisha hadi kwa jirani. Ndiyo maana nguo za anayehudumia nguruwe huendelea kunuka hata baada ya kutoka zizini, na ndiyo maana zizi linaloonekana kavu linaweza kunuka mbali. Kumwagia lishe mafuta kidogo ya mboga, au kuilowesha kabla ya kuitia horini, hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa.

Madhara kwa mapafu

Ndani ya koo la nguruwe, kama ilivyo kwa binadamu, mna vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu na vijidudu kuelekea nje. Amonia hulemaza vinyweleo hivyo. Vijidudu vya nimonia ambavyo vingefukuzwa hupata njia nyeupe hadi mapafuni. Katika majaribio ya miaka ya themanini, nguruwe wachanga waliowekwa katika hewa yenye amonia ya sehemu 50 kwa milioni walipungukiwa kasi ya kukua kwa zaidi ya asilimia kumi, na hali ilikuwa mbaya zaidi kiwango kilipoongezwa mara mbili.

Kwa wafanyakazi, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza wastani usiozidi sehemu 25 kwa milioni katika zamu nzima ya kazi. Wapo watafiti wa mazizi ya nguruwe wanaotaka kiwango hicho kishushwe hadi sehemu saba, kwa kuwa katika zizi amonia haiji peke yake. Huja ikiwa imeandamana na vumbi lenye masalia ya bakteria. Kitambaa kinachofungwa puani huzuia sehemu ya vumbi lakini hakizuii gesi hata kidogo.

Wafugaji wachache humu nchini wana vifaa vya kupima gesi. Pua hutumika badala yake, nayo ina kasoro mbili. Kwanza, huzoea. Aliyeshinda zizini tangu alfajiri hawezi kuwa shahidi wa hewa ya zizi lake. Heri amuulize mgeni. Pili, pua ya mtu mzima iko juu, ya nguruwe iko karibu na sakafu ambako amonia huzaliwa. Mfugaji anayetaka kujua nguruwe wake wanavuta nini na aingie asubuhi kabla ya kufungua chochote, achuchumae hadi kimo cha mgongo wa nguruwe, na avute pumzi. Macho yakimtiririka, zizi hilo limepita kiasi.

Baridi ya Julai

Kosa kubwa zaidi katika nyanda za juu hufanyika kwa nia njema. Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, ukungu unapotanda Limuru na baridi ikapenya mifupani, wafugaji huziba pande zote za zizi kwa magunia na plastiki ili kuwakinga watoto wa nguruwe. Zizi hupata joto kweli, lakini unyevu na amonia nazo hukosa pa kutokea. Kikohozi kinachosikika wiki mbili baadaye husingiziwa baridi.

Watoto wa nguruwe wanahitaji joto, mama yao hahitaji. Dawa ni kuwatengenezea kijisanduku chenye kifuniko na matandiko makavu katika pembe moja ya chumba, taa ikiwekwa humo, na kuliacha zizi zima lipumue. Ukuta imara wa kimo cha mita moja hivi huzuia upepo usiwapige wanyama waliolala, huku sehemu ya juu ikibaki wazi, na pazia la gunia likishushwa na kupandishwa kulingana na hali ya anga. Uwazi kwenye kipaa cha paa huruhusu hewa ya moto na chafu kupanda na kutoka yenyewe bila umeme. Jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Monoksaidi ya kaboni inayotoka humo huua, na nguruwe mwenye mimba akiivuta anaweza kuzaa watoto wafu.

Katika maeneo yenye joto kama Busia na Kilifi tatizo ni kinyume. Nguruwe hawezi kujipoza kwa kutoka jasho. Jua likizidi hutafuta tope, na asipopata tope hugaagaa katika mkojo na kinyesi chake. Nguruwe aliyejipaka kinyesi mwili mzima ni chanzo cha harufu kinachotembea. Kivuli, paa lililoinuliwa na maji ya kunyunyizia wakati wa mchana humwondolea sababu ya kufanya hivyo.

Nguruwe si mchafu kama anavyosingiziwa. Akipewa nafasi hutenga mahali pa kulala na mahali pa kwenda haja, na hupendelea kwenda haja palipo na maji, baridi na upepo. Mjenzi mwerevu hutumia tabia hiyo. Chuchu ya kunyweshea huwekwa upande wa chini wa sakafu iliyoinama kuelekea mferejini, na ukuta wa upande huo huwa wa vyuma au fito ili hewa ipite, huku upande wa kulala ukiwa mkavu na wenye ukuta usiopitisha upepo. Siku nguruwe wanapoingizwa chumba kipya, pembe ya haja hulowanishwa na kutiwa kinyesi kidogo, nao huelewa. Mpango wote huu huvurugika msongamano unapozidi. Nguruwe anayekaribia kuchinjwa anahitaji takriban mita mraba moja.

Kukwangua kwanza, maji baadaye

Kazi ya kila siku ndiyo yenye uzito kuliko vifaa vyote. Kinyesi kinapaswa kukwanguliwa kikiwa kikavu, kwa beleshi au ubao wenye mpini, angalau mara mbili kwa siku, na kupelekwa mahali pake kwa toroli. Baada ya hapo ndipo sakafu huoshwa kwa maji machache. Wengi hufanya kinyume: huelekeza mpira wa maji kwenye kila kitu na kusukuma tope mferejini. Wanachopata ni shimo linalojaa upesi, mkojo na kinyesi vilivyochanganyika barabara, na sakafu isiyokauka kamwe. Kutenganisha mkojo na kinyesi mapema iwezekanavyo ni kuinyima amonia mama na baba. Mfereji mwembamba wenye mteremko, unaopeleka mkojo katika tangi lililofunikwa, hufanya kazi hiyo bila kudai mshahara.

Chuchu inayovuja nayo haifai kuachwa hata siku moja.

Hapa kuna jambo linalohitaji kusemwa wazi kwa sababu mazoea yake yameenea. Wafugaji wengi humwaga majivu au chokaa juu ya kinyesi kibichi wakiamini wanaua harufu. Majivu na chokaa hupunguza ukali wa asidi, na amonia hupaa kwa kasi zaidi mahali pasipo na asidi. Harufu ya yai viza inaweza kupungua, lakini amonia huongezeka, na naitrojeni ambayo ingekuwa mbolea huondoka na upepo. Chokaa ina nafasi yake, nayo ni juu ya sakafu iliyokwisha kuondolewa kinyesi, kuoshwa na kukauka. Huko Denmark wafugaji wakubwa hufanya kinyume kabisa: hutia asidi ya salfa katika tope la kinyesi, na upotevu wa amonia hupungua sana. Hiyo ni kazi ya mitambo na wataalamu. Mfugaji mdogo asijaribu kushika asidi hiyo kwa ndoo.

Kuhusu dawa za kuondoa harufu zinazouzwa katika maduka ya pembejeo, busara ni kuzitilia shaka. Baadhi hufunika harufu kwa manukato. Nyingine zina vijidudu ambavyo huenda vikasaidia au visisaidie kutegemea zizi. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya beleshi.

Kinachoingia ndicho kitokacho

Harufu huanzia horini. Kila protini inayozidi mahitaji ya nguruwe hugeuka kuwa yurea. Mfugaji anayewapa nguruwe wakubwa chakula kilekile cha wachanga, au anayezidisha omena katika mchanganyiko akidhani anaharakisha unene, ananunua amonia kwa bei ya omena. Utafiti katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kupunguza protini ya lishe kwa pointi moja ya asilimia hupunguza amonia kwa takriban asilimia kumi, almuradi amino asidi muhimu kama laisini ziongezwe ili ukuaji usiathirike. Kwa hivyo lishe inapaswa kubadilishwa kulingana na umri. Hatua hii haihitaji ujenzi wowote, na huenda ikapunguza gharama.

Makombo ya hotelini ni mjadala mwingine. Yanapaswa kuchemshwa kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika, na masalia yasiachwe yakachachia horini, kwani huo uchachu huhesabiwa na jirani kuwa harufu ya nguruwe.

Matandiko mazito

Mfumo wa matandiko mazito, uliopata umaarufu Uganda kutoka mbinu za kilimo asilia za Korea, hutumia unga wa mbao wenye kina cha sentimita 60 au zaidi badala ya sakafu ya saruji. Mkojo hufyonzwa, nguruwe hufukua na kuchanganya, na bakteria wanaotumia hewa huozesha uchafu papo hapo bila uvundo mkali. Mfumo huu huhitaji maji machache mno na hufaa nyanda za baridi. Hata hivyo, matandiko hutoa joto, jambo linalowatesa nguruwe wakubwa katika maeneo ya joto. Yakilowa kupita kiasi hugeuka tope linalonuka kuliko sakafu ya kawaida. Unga wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa haufai.

Mboji na bayogesi

Kinyesi kilichokwanguliwa kikavu ni mali. Kwa kuwa kina naitrojeni nyingi na kaboni chache, kinahitaji kuchanganywa na vitu vikavu vyenye kaboni: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maganda ya kahawa, majani makavu au unga wa mbao. Wataalamu hulenga sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, lakini mkulima anaweza kupima kwa mkono. Mchanganyiko ukiminywa katika kiganja utoe tone moja au mawili. Ukichuruzika, uongezwe vikavu.

Rundo liwe na kimo cha mita moja au zaidi, chini ya paa, juu ya sakafu isiyopitisha maji. Fimbo ndefu hudungwa ndani kwa mshazari, mbinu ambayo wakulima wengi wa Kenya wanaijua. Ikichomolewa baada ya siku chache ikiwa na joto linalomfanya mtu aiachie haraka, mboji inaenda vyema. Joto la nyuzi 55 likidumu kwa siku kadhaa, na rundo likageuzwa ili kila sehemu ipitie katikati, huua vijidudu na mayai ya minyoo ya nguruwe, ambayo yakiachwa huweza kuishi udongoni kwa miaka. Kugeuza kufanywe katikati ya asubuhi, jua likiwa limepanda na upepo umeanza kuvuma. Alfajiri na jioni hewa hutulia na baridi huikandamiza harufu chini, ikatambaa hadi vyumbani mwa watu wanapokula au kulala. Mfugaji akisikia kuna harusi au matanga kwa jirani, rundo lingoje.

Mtambo wa bayogesi hufunga harufu ndani ya tangi na kuigeuza moto wa kupikia. Kinyesi cha nguruwe hufaa sana, ila gesi yake huwa na haidrojeni salfaidi inayokula vyuma vya jiko. Sufi ya chuma ikiwekwa katika mkebe ambamo gesi hupitia huinasa, nayo ibadilishwe inapochakaa.

Shimo lisiloteremkiwa

Haidrojeni salfaidi ina hila inayoua. Ikiwa kidogo hunuka; ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni huipooza pua, na aliye hatarini hudhani hewa imesafika. Kuanzia sehemu 500 na kuendelea humwangusha mtu kwa muda mfupi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya shimo. Tope linapokorogwa, gesi iliyokuwa imefungwa ndani hutoka kwa mkupuo.

Katika mashamba ya Marekani na Ulaya imetokea mara nyingi kwamba mmoja anateremka katika shimo la kinyesi kuzibua bomba, anaanguka, ndugu anamfuata kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Mashimo ya Kenya ni madogo, lakini gesi ni ileile. Hakuna anayepaswa kuteremka katika shimo la kinyesi au tangi la bayogesi bila kifaa cha kupumulia na watu wa kumvuta kwa kamba kutoka juu. Kushusha mshumaa hakupimi gesi hii, na methani inaweza kuulipukia. Wanyama na watu waondolewe karibu wakati tope likikorogwa au kunyonywa.

Sheria na jirani

Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na anayeona haki hiyo imekiukwa anaweza kwenda kortini. Sheria ya Afya ya Umma huhesabu jengo la mifugo linalokera au kuhatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma anaweza kumwamuru mwenyewe aiondoe. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, nayo ina uwezo wake chini ya sheria ya mwaka 1999. Kwa wanaoona haya ni vitisho tu, mwaka 2018 mabaraza ya mahakama katika jimbo la North Carolina, Marekani, yaliwapa majirani wa mazizi ya nguruwe fidia ya mamilioni ya dola kwa sababu ya harufu, na mwaka 2019 serikali ya Uholanzi ilifungua mpango wa kuwalipa wafugaji wa nguruwe wenye kukera majirani ili wafunge kabisa.

Mfugaji anayejenga upya achunguze upepo wa eneo lake unavuma kuelekea wapi miezi mingi ya mwaka, na asiweke zizi upande unaouelekeza kwa nyumba za watu. Safu mbili za miti, kwa mfano mianzi pamoja na mikima, hunasa vumbi na kuinua hewa chafu juu ikachanganyika na safi. Tena humwondolea jirani sura ya zizi, na si siri kwamba watu hunusa zaidi kile wanachokiona.

Mbolea inapofika shambani kazi bado haijaisha. Kinyesi kibichi kikitandazwa juu ya udongo na kuachwa, sehemu kubwa ya amonia hupotea katika saa chache za kwanza, na kijiji kizima hujulishwa. Kifukiwe siku hiyohiyo, ndani ya mashimo ya mihindi, ndizi au nepia, mbali na vijito na visima, na si siku ambayo mawingu ya mvua kubwa yametanda. Kwa mboga zinazoliwa bila kupikwa, kama karoti, dhania na nyanya za kachumbari, ni afadhali kutumia mboji iliyoiva. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, muda ambao mkulima wa sukumawiki na karoti hapa nchini anaweza kuufuata bila hasara iwapo atatia samadi hiyo msimu mmoja kabla, wakati shamba lina mahindi.